Kumisi kwa Injini za Kwadi Zilizoongezewa Nguvu: Mafuta, Umeme au Spea?

Pikipiki ya magurudumu manne, ambayo waendeshaji na mafundi wengi huiita kwadi, ikishafungwa ekzosi ya mashindano, kichujio cha hewa kilicho wazi na kamshafti yenye vinundu virefu kuliko vya kiwanda, aghalabu huanza kusumbua kwa dalili zinazofahamika: injini hukatakata, husita pale hasa nguvu inapohitajika, hulipuka kwenye ekzosi mwendeshaji anapoachia mafuta, na mara nyingine hukataa katakata kupanda juu ya kiwango fulani cha mizunguko. Mafundi husema kwamba injini inamisi. Mmiliki anayetafuta tiba hupokea majibu matatu yanayopingana, kwani fundi wa kwanza humwambia aongeze petroli, wa pili humtaka abadilishe koili na plagi, na wa tatu humshauri afungue kila alichokiongeza na kurudisha vifaa vya kiwandani. Jambo linalozidisha utata ni kwamba kila mmoja wa washauri hao anaweza kutaja, bila kusema uongo, kwadi aliyoiponya kwa njia yake.

Uchambuzi huu unaegemea zaidi kwadi za michezo za Yamaha, yaani Banshee, Raptor 660R na Raptor 700R, kwa sababu ni miongoni mwa zile ambazo wamiliki wamezibadilisha sana tangu miaka ya 1980, hasa Marekani, ambako matuta ya mchanga ya Glamis katika jimbo la California yamekuwa uwanja mkuu wa mchezo huu, na vilevile katika majangwa ya nchi za Ghuba. Kanuni zinazoelezwa hapa zinahusu pia kwadi za Honda, Suzuki na nyinginezo, ingawa vifaa vyake hutofautiana kwa majina na kwa mahali vilipofungwa.

Kumisi ni nini hasa

Katika injini ya mapigo manne, pistoni huvuta hewa na petroli, huigandamiza, hupokea msukumo wa mlipuko kisha hutoa moshi, na kazi yote hiyo huchukua mizunguko miwili ya kombo. Kwa hesabu hiyo, injini ya silinda moja inayozunguka mara 9,000 kwa dakika hulazimika kuwasha mchanganyiko mara 75 kila sekunde moja, na kila mara cheche lazima ije kwa wakati wake na kukuta mchanganyiko unaoweza kuwaka. Kumisi ni hali ya pigo moja au zaidi kupita bila mchanganyiko kuwaka, au kuwaka nusunusu. Gari la silinda nne linaweza kupoteza pigo moja na abiria asitambue, lakini Raptor 700R yenye silinda moja ya sentimita za ujazo 686 haina silinda jirani ya kuificha aibu hiyo, na ndiyo maana kosa dogo husikika mpaka kwenye usukani. Banshee, ambayo ni ya mapigo mawili na yenye silinda mbili zilizojumlishwa sentimita za ujazo 347, ina hila yake, kwani silinda moja inaweza kufa na injini ikaendelea kunguruma kwa nusu ya nguvu, huku mwendeshaji akidhani kwamba tatizo liko kwenye kabureta zote mbili.

Ili mchanganyiko uwake, mambo matatu hayana budi kukutana. La kwanza ni uwiano wa hewa na petroli, ambao kwa hesabu ya kemia ni takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito, ingawa injini inayotafuta nguvu hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa na petroli nyingi kidogo, karibu 12.5 hadi 13.2 kwa moja. Mchanganyiko wenye petroli pungufu huitwa mwembamba, na wenye petroli nyingi kupita kiasi huitwa mzito. La pili ni cheche yenye nguvu na inayokuja kwa wakati. La tatu ni mgandamizo, ambao gereji huuita kompresheni, yaani uwezo wa silinda kuufungia mchanganyiko na kuubana bila kuvuja kwenye valvu, ringi au gasketi.

Inafaa pia kutenga dalili ambazo hufananishwa na kumisi bila kuwa kumisi. Kugonga, yaani mlio wa metali unaotokana na mchanganyiko kulipuka wenyewe kwa joto na shinikizo, huashiria petroli isiyo na oktani ya kutosha kwa mgandamizo uliopo au cheche inayokuja mapema mno, na tiba yake haipatikani kwenye koili mpya. Kuzama, yaani injini kunyong’onyea mara moja wenzo wa mafuta unaposukumwa ghafla, kisha ikakusanya nguvu, mara nyingi ni suala la kabureta kushindwa kufuata mabadiliko ya haraka ya hewa. Dalili ya tatu, ile ya injini kukatwa na swichi za usalama, ina uzito wa kutosha kupewa sehemu yake mbele.

Kiwanda kilivyoipanga injini

Kiwanda hakiuzi injini iliyofikishwa kwenye ukingo wa uwezo wake. Koili huwekwa yenye nguvu kuliko inayohitajika kila siku, pengo la plagi huchaguliwa kwa kuzingatia plagi itakayochakaa, na jeti za kabureta, yaani vile vitundu vidogo vinavyopimia petroli, huchaguliwa ili injini iwake kwenye baridi na kwenye joto. Akiba hiyo ndiyo huiwezesha kwadi yenye plagi iliyochakaa, valvu iliyobana kidogo na betri iliyochoka kuendelea kukimbia bila lalamiko lolote kwa muda mrefu.

Kuna upande mmoja tu ambako akiba hiyo ni finyu. Kanuni za serikali ya Marekani kuhusu moshi wa vyombo vya burudani zilianza kuzibana kwadi kuanzia miundo ya mwaka 2006, na watengenezaji walikuwa na kila sababu ya kuupanga mchanganyiko uelekee upande wa wembamba, hasa kwenye mwendo wa chini na wa kati. Kwa hiyo kwadi nyingi hutoka dukani zikiwa karibu na mpaka wa upande huo, na kifaa chochote kinachoongeza hewa huzisukuma karibu zaidi.

Raptor 700R, iliyoingia sokoni kwa muundo wa mwaka 2006 ikichukua nafasi ya Raptor 660R ya kabureta mbili, hutumia injekta inayoongozwa na kompyuta. Wamiliki wengi hudhani kwamba kompyuta hujirekebisha yenyewe hewa inapoongezeka, lakini kompyuta za kwadi nyingi za michezo hazina sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, kwa hiyo haziwezi kuona matokeo ya kazi yao. Husoma shinikizo la hewa kwenye mlango wa injini, joto la hewa, mahali wenzo wa mafuta ulipo na kasi ya mizunguko, kisha hutoa petroli kwa kufuata jedwali lililoandikwa kiwandani kwa ajili ya kamshafti, kichujio na ekzosi za kiwandani. Spea zikibadilika, jedwali hubaki lilelile.

Kila spea inagusa nini

Ekzosi iliyo wazi na kichujio cha hewa chepesi, pamoja na desturi ya kuondoa kifuniko cha boksi la hewa, ndivyo vitu vya kwanza ambavyo wamiliki hununua, na athari yake kubwa ni kuufanya mchanganyiko uwe mwembamba. Pamoja na hilo huja tatizo la kawaida kuliko linavyosemwa, nalo ni uvujaji. Shingo ya ekzosi mpya isipokaa sawasawa kwenye kichwa cha silinda, au gasketi ya zamani ikitumiwa tena, hewa ya nje huvutwa ndani kati ya mapigo na kuunguza petroli iliyobaki, ndipo milipuko husikika mwendeshaji anapoachia mafuta. Vivyo hivyo, mpira unaounganisha kabureta na injini ukipasuka au ukifungwa upande, injini huvuta upepo ambao haukupimwa, na mzunguko wa kusubiri, ambao mafundi huuita sailensa, hupanda na kushuka bila mpangilio.

Kamshafti ya mashindano hubadilisha jambo la kina zaidi. Vinundu vyake huzifungua valvu kwa muda mrefu, hata kipindi ambacho valvu ya kuingiza na ya kutoa ziko wazi pamoja kinarefuka, na katika mizunguko midogo sehemu ya moshi hurudi kuchafua mchanganyiko mpya. Sailensa inayotikisika kwa injini ya namna hiyo ni tabia yake, na fundi anayejaribu kuituliza kwa jeti atapoteza muda na petroli. Kwenye Raptor 700R kamshafti hiyo huongeza tatizo la pili, kwani hubadilisha shinikizo ambalo kompyuta hulitegemea kukadiria hewa, na makadirio yakikosewa, petroli nayo hukosewa.

Pistoni ya mgandamizo mkubwa hugusa umeme moja kwa moja, ingawa wengi huiona kama kipande cha chuma tu. Raptor 700R ya kwanza ilikuwa na uwiano wa mgandamizo wa 9.2 kwa 1, ilhali pistoni za kuongeza nguvu huuzwa zikiwa na uwiano wa 11 au 12 kwa 1 na zaidi. Gesi iliyobanwa zaidi huhitaji volti nyingi zaidi ili cheche iruke kwenye pengo lilelile la plagi, kwa hiyo koili iliyotosha jana inaweza kushindwa leo bila yenyewe kuharibika hata kidogo. Injini ya namna hii huwaka vizuri, hutulia vizuri, na humisi tu inapobebeshwa mzigo kwenye mlima au mchanga mzito, kwani hapo ndipo silinda hujaa na shinikizo hufikia kilele.

Taa kubwa, feni ya ziada na vifaa vingine vya umeme vina kosa dogo lakini la kweli. Koili za magneto huzalisha umeme wenye kikomo, na mzigo ukizidi kikomo hicho volti za betri hushuka polepole, hadi injekta na pampu ya petroli hushindwa kufanya kazi kwa uthabiti.

Hoja ya walio upande wa mafuta

Wanaoshikilia kwamba tatizo ni petroli wana msingi imara, maana spea za kwanza ambazo karibu kila mmiliki hununua huongeza hewa. Kwenye kabureta, njia yao ina utaratibu mzuri wa kutafuta kosa: kuanzia wenzo kufungwa hadi robo, petroli husimamiwa zaidi na jeti ndogo ya sailensa, kati ya robo na robo tatu husimamiwa na sindano, na kuanzia robo tatu hadi mwisho husimamiwa na jeti kuu. Fundi anayeuwekea wenzo alama na kuchunguza ni katika eneo gani injini inamisi huokoa saa nyingi za kubahatisha. Kwa injini ya injekta, vifaa kama Power Commander hubadilisha ishara zinazokwenda kwenye injekta na kurekebisha petroli kwa kila eneo la mzunguko na la wenzo.

Udhaifu wao uko katika utekelezaji. Namba za jeti za Mikuni, Keihin na Dynojet hazitumii kipimo kimoja, kwa hiyo jeti yenye namba 150 ya mtengenezaji mmoja hailingani na ya mwingine, na mmiliki anayenakili namba kutoka kwa rafiki mwenye kabureta tofauti anaanza safari akiwa amepotea. Rangi ya plagi, ambayo wazee wa gereji waliisoma kwa uhakika, nyeupe kwa wembamba na nyeusi yenye masizi kwa uzito, bado ina manufaa, lakini petroli za kisasa huifanya isomeke kwa shida, na plagi iliyotolewa baada ya injini kuachwa ikiunguruma kwa dakika kadhaa hueleza habari za sailensa tu. Hatari nayo si ndogo. Mchanganyiko mwembamba kwenye mzigo mkubwa unaweza kutoboa pistoni, na kwenye injini ya mapigo mawili kama Banshee hilo hutokea upesi. Mchanganyiko mzito mno nao huosha mafuta ya kulainisha kwenye kuta za silinda na kuzila ringi.

Hoja ya walio upande wa umeme

Kambi ya pili huanzia kwenye plagi, na inafanya vyema, kwani ni spea ya bei nafuu kuliko zote na ndiyo inayokosewa zaidi. Alama zilizoandikwa juu yake zina maana: katika plagi ya NGK iliyoandikwa DPR8EA-9, herufi R huonyesha kizuizi cha ndani kinachopunguza kelele za umeme, namba 8 huonyesha uwezo wa kupoteza joto, na tisa ya mwisho huonyesha pengo la milimita 0.9. Kwa NGK namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi, yaani inayopoteza joto haraka, ilhali kwa Bosch na Champion namba kubwa ni plagi ya moto zaidi, na mmiliki asiyejua tofauti hiyo anaweza kununua kinyume cha alichokusudia. Plagi isiyo na kizuizi, inayosifiwa na baadhi ya wauzaji kuwa ya mashindano, inaweza kuichanganya kompyuta ya injini ya injekta kwa kelele za umeme, na dalili zake ni kumisi kusiko na utaratibu wowote.

Baada ya plagi, kambi hii huchunguza kofia ya plagi, waya wake, koili, magneto na ufunguo mdogo wa chuma unaoshikilia gurudumu la magneto kwenye kombo. Ufunguo huo ukikatika nusu, gurudumu huhama kwa nyuzi chache, cheche huja nje ya wakati, na hakuna kipimo cha waya kitakachoonyesha kasoro. Kwenye Banshee, ambayo wamiliki wengi huifunga bamba la kuitanguliza cheche, kosa la aina hiyo huweza kuwa limefungwa kwa makusudi.

Kasoro ya kambi hii ni tabia ya kubadilisha badala ya kupima. Koili, kisanduku cha CDI kinachoongoza cheche, na magneto hununuliwa kimoja baada ya kingine, vingine vikiwa feki visivyofikia ubora wa vile vilivyotolewa, mpaka gharama inaikaribia thamani ya injini. Jaribio la kung’oa kofia ya plagi injini ikiwa inawaka, ambalo bado hufanywa katika gereji nyingi, linaweza kuua CDI iliyokuwa nzima, kwa sababu umeme wa volti kubwa usipopata njia ya kutokea hurudi kuitafuta ndani ya koili na kisanduku.

Hoja ya kurudisha vya kiwandani

Msimamo wa tatu huonekana wa kihafidhina, lakini kama njia ya uchunguzi una mantiki kuliko mingine yote: kifaa kimoja kikirudishwa na dalili ikatoweka, mtuhumiwa amepatikana. Unafaa hasa kwa vitu vinavyofunguka kwa dakika chache, kama kifuniko cha boksi la hewa, kichujio au kifaa cha kurekebisha injekta. Kama tiba ya kudumu, hata hivyo, una kasoro mbili. Silinda iliyoboolewa na pistoni iliyobadilishwa havirudishwi kirahisi, na kwadi iliyonunuliwa mkononi mara nyingi huwa haina tena vifaa vyake vya asili. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi: kurudisha vya kiwandani hurudisha pia ile akiba ya kiwanda, kwa hiyo koili dhaifu au valvu iliyobana hujificha tena na mmiliki huamini kwamba ekzosi ilikuwa mbovu.

Swichi zinazosahaulika

Kuna chanzo ambacho kambi zote tatu hukipita, ingawa kwenye kwadi za Yamaha ni miongoni mwa vile vya kuangaliwa mwanzo kabisa. Banshee ilikuja na mfumo wa usalama uitwao TORS, unaolinganisha swichi iliyo kwenye wenzo wa mafuta na swichi zilizo kwenye kabureta. Mwendeshaji akiachia wenzo ilhali kabureta imenasa wazi, mfumo huikata cheche ili kwadi isimkimbie. Swichi hizo zikichakaa au zikiingia maji, mfumo huamini kwamba kabureta imenasa na huikata cheche katikati ya safari. Mmiliki anapofunga kabureta za mashindano zisizo na swichi hizo na kuziacha nyaya zikining’inia bila mpango, matokeo ni yaleyale, naye hutumia wiki nzima akibadilisha jeti za kabureta zisizo na hatia.

Raptor 660R na 700R nazo huibana mizunguko ya injini pale hendibreki inapokuwa imefungwa, ili mtu asiondoke akiwa ameisahau. Swichi ya mfumo huo iko karibu na wenzo wa klachi. Wamiliki wengi huondoa hendibreki ili kupunguza uzito, au hufunga wenzo wa klachi wa aina nyingine usio na mahali pa swichi, na waya ukibaki katika hali ambayo mfumo huisoma kama breki imefungwa, kwadi itakatakata kila inapofika kiwango hicho cha mizunguko. Dalili hii hutambulika kwa urahisi ikishajulikana: hutokea katika mizunguko ileile kila mara, iwe kwadi imesimama au inapanda mlima, na ukataji wake una mdundo wa kawaida. Kumisi kwa mafuta au kwa cheche dhaifu hubadilika kadiri mzigo unavyobadilika.

Hapa pana uamuzi wa kufanya, na usichukuliwe kwa wepesi. Kuzitenganisha swichi hizi kwa muda ili kupima ni halali na ni haraka. Kuziondoa moja kwa moja huondoa pia kinga ya kabureta kunasa, na anayechagua njia hiyo hana budi kufunga swichi ya kamba inayofungwa mkononi, ambayo huizima injini mwendeshaji anapoanguka.

Joto na mwinuko

Hewa ya Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 18 ikilinganishwa na ya Mombasa katika joto moja, kwa hiyo kwadi ya kabureta iliyosetiwa vizuri Diani au Nungwi itakuwa na mchanganyiko mzito ikipelekwa bara, na ile iliyosetiwa bara itakuwa nyembamba ikiteremshwa pwani, jambo ambalo ni la hatari zaidi. Joto hufanya kazi kama hiyo kwa kiasi kidogo: hewa ya nyuzi 45 katika matuta ya Sharqiya nchini Oman ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 15. Injini ya injekta hufidia sehemu kubwa ya mabadiliko haya kwa sensa zake, na huo ndio ubora wake halisi juu ya kabureta.

Kwa nini kila kambi ina ushahidi

Kiini cha mkanganyiko wote kiko hapa. Cheche na mchanganyiko si mambo mawili yaliyotengana, kwani mchanganyiko mwembamba huhitaji volti nyingi zaidi ili uwashwe kuliko mzito kidogo. Koili iliyochoka ikishindwa na mchanganyiko mwembamba, fundi wa mafuta ataongeza jeti, mahitaji ya volti yatashuka, injini itatulia, naye ataondoka akiamini kwamba koili ni nzima. Fundi wa umeme akifika kwenye kwadi hiyohiyo kabla yake, atafunga koili mpya au atapunguza pengo la plagi, cheche itaushinda wembamba wa mchanganyiko, naye ataiacha pistoni ikiungua polepole. Wote wawili wameondoa dalili. Hakuna aliyemaliza kosa.

Vipimo vya kisasa havimalizi utata huu peke yake. Sensa ya oksijeni yenye wigo mpana, inayofungwa kwenye ekzosi ili kusoma uwiano wa hewa na petroli injini ikiwa kazini, na mashine ya kupimia nguvu iitwayo dino, ni vyombo vizuri kuliko macho na masikio ya fundi yeyote. Hata hivyo, sensa hiyo haioni petroli, inaona oksijeni. Pigo likipita bila kuwaka, oksijeni yote ya pigo hilo hutoka kwenye ekzosi, na sensa husoma mchanganyiko mwembamba hata kama petroli ilikuwa nyingi kupita kiasi. Fundi anayeiamini huongeza petroli, plagi hulowa, kumisi huzidi, na kipimo huendelea kuonyesha wembamba. Uvujaji kwenye shingo ya ekzosi kabla ya sensa hudanganya kwa namna hiyohiyo.

Kupima uzito wa hoja

Kutokana na hayo, swali la kambi ipi iko sahihi lina uzito mdogo kuliko swali la nini kitangulie. Kurekebisha mafuta ndiyo kazi ambayo hatimaye karibu kila kwadi iliyoongezewa hewa huihitaji, lakini ndiyo kazi inayoharibika zaidi ikifanywa mapema, kwa sababu matokeo yake hutegemea cheche, mgandamizo na mirija isiyovuja, ilhali vitu hivyo havitegemei jeti. Uchunguzi wenye akili huanzia kwenye kilichoguswa mwisho na kwenye vitu visivyogharimu fedha: swichi za usalama, viunganishi vya nyaya, bomba la kupumulia tangi lililoziba kwa mchanga, kichujio kilicholoweshwa mafuta kupita kiasi, na volti za betri injini ikiwa inazunguka, ambazo kwa kawaida huwa kati ya 13.5 na 14.5. Plagi mpya ya aina sahihi hufuata, kisha kipima cheche kilichounganishwa vizuri na mwili wa injini.

Mgandamizo huja baadaye, na hapa tahadhari moja inahitajika. Kamshafti nyingi za injini kubwa za silinda moja zina kifaa kinachofungua valvu kidogo wakati wa kuwasha ili kupunguza mzigo wa stata, kwa hiyo geji ya kawaida husoma namba ndogo hata kwa injini iliyo nzima. Kipimo cha kuingiza hewa ya kompresa pistoni ikiwa juu, kisha kusikiliza inakovujia, hutoa jibu la kweli zaidi. Nafasi za valvu nazo zipimwe injini ikiwa baridi kabisa, hasa kwenye kwadi zenye valvu za titani, ambazo zikianza kulika, nafasi yake hupungua hadi valvu ikaacha kufunga sawasawa. Injini ya namna hiyo huwaka kwa taabu na kumisi katika mizunguko ya chini, na hakuna jeti wala kifaa cha elektroniki kinachoweza kuitibu.

Gharama nazo zinaunga mkono utaratibu huu. Multimita, geji ya kupimia nafasi za valvu na plagi mpya vyote kwa pamoja hugharimu kidogo kuliko CDI moja halisi, na kwa mmiliki asiye na dino karibu, hali ya wengi Afrika Mashariki, ndivyo vyombo vitakavyomfikisha mbali zaidi. Aliyefunga ekzosi na kichujio pekee anaweza kumaliza kazi kwa jeti au kwa kifaa cha kurekebisha injekta kilichowekwa ramani inayolingana na spea zake. Aliyefunga kamshafti na pistoni za mashindano hana njia ya mkato: atahitaji koili inayoweza kubeba mgandamizo mpya au pengo dogo zaidi la plagi, petroli ya oktani ya juu, na ramani iliyopimwa kwa injini yake mwenyewe. Fundi ambaye kazi yake ya kwanza ni kufungua kabureta au kuichomeka kompyuta, kabla hajapima cheche, valvu na uvujaji, asikabidhiwe kwadi ya namna hiyo.